Usiku Nilipokuwa Mlango

Redio ilisema arobaini na sita,
ikarudia, kana kwamba hatukusikia.
Hapa Mildura Januari haina simile:
zabibu zinakauka mzabibuni kabla ya kuvunwa,
na bati la banda, ukiligusa saa tano,
linakuachia alama kiganjani kama pasi.

Kuku hatokwi na jasho. Hilo nimelijua uzeeni.
Huachama mdomo, hutanua mbawa
kama mtu aliyebeba vifurushi kwapani
na hana pa kuvitua.
Koo zinapwita, macho yanasinzia mchana kweupe.
Usingizi ule si usingizi.

Tevfik wa nyumba ya pili
aliniita uani, akanipa chupa nne,
maji ndani yameganda yakawa mawe.
"Zilaze kivulini, Glenys. Watakuja wenyewe."
Wakaja. Biskuti akaiatamia chupa
kama yai alilolikosa mwaka mzima.
Nikatundika mashuka mawili ya marehemu mama,
nikamwagia udongo maji mpaka ukawa tope baridi,
nikapasua tikiti lililolala kwenye friza,
wakaligonga, tak, tak, likabaki ganda tupu.
Maji ya kunywa nilibadilisha mara saba.
Ya moto hawayataki, hata wakifa.

Mchana, basi, una dawa zake.
Shida ni usiku.

Kwa sababu banda hili nililijenga kumkomoa mbweha.
Mwaka juzi alichimba kama mwenye hati ya kiwanja,
akaniachia manyoya na miguu kumi na mmoja.
Wa kumi na mbili niliutafuta hadi adhuhuri.
Ndipo nikafukia wavu wa chuma dhiraa moja ardhini,
si ule wa matundu mapana, ule huutafuna kama bisi.
Matundu ya huu hayapitishi kidole cha mjukuu wangu Tahlia;
tulipima.
Makomeo mawili. Mbao zisizo na ufa.
Na mbao zisizo na ufa, ndiyo, ni tanuri.

Nikifunga, watakufa kwa joto.
Nikifungua, watakufa kwa meno.
Saa nne usiku kipimajoto cha ndani kilisoma thelathini na nane,
na Kanali, yule mweusi mnene,
alikuwa amelaza shingo sakafuni.

Nikaenda kuleta kiti.

Kile cha turubai, cha kuvulia samaki mtoni.
Nikakiweka kizingitini,
miguu ndani ya karai la maji,
tochi mapajani, ufagio mkononi,
banda likinipumulia mgongoni.
Nina miaka sitini na tisa. Nimekuwa karani, mke,
mfungaji wa maboksi ya zabibu kavu.
Usiku ule nilikuwa mlango.

Alikuja saa tisa.
Sikumsikia; nilisikia kuku wameacha kunung'unika.
Macho mawili ya kijani kando ya mlimau,
kisha mwili, mwembamba kuliko chuki yangu,
mbavu zinahesabika, ulimi nje,
anatweta vile vile wao wanavyotweta.
Nikainua ufagio.
Hakunitazama mimi. Alitazama karai.

Sitasema nilimwonea huruma.
Kumi na mmoja, nakumbuka.
Nilitoa mguu wa kwanza majini, kisha wa pili,
nikalisukuma karai kwa ufagio
mpaka mpini ulipoishia.
Alikunywa kwa adabu, kwa muda mrefu,
jicho lake kwangu, langu kwake.
Kisha nikampiga.
Si sana. La kumkumbusha.

Alfajiri kulikuja upepo kidogo, wa uongo.
Kanali hakuamka.
Wale saba wengine walitoka mmoja mmoja
wakanipita magotini
kama abiria wanaompita mkata tiketi.
Nikamzika chini ya mlimau, dhiraa mbili, jiwe juu,
maana aliyekuja na kiu
anajua njia ya kurudi na njaa.

Tevfik akachungulia juu ya ua: "Ulilala?"
Nikamwambia leo wamesema arobaini na nne.
Nipe chupa sita.